Mdaiwa Hajulikani Alipo

Phalla alikwenda ofisi ya tarafa kuchukua cheti cha ndoa, akaambiwa hana ndoa.

Karani alikuwa kijana mwenye miwani, mpole kuliko makarani wengi. Alibonyeza kompyuta, akatazama, akabonyeza tena, kisha akashusha sauti, kwa sababu nyuma ya Phalla kulikuwa na foleni ya wazee waliokuja kuandikisha ruzuku ya mbolea.

"Dada, hapa inaonyesha mmeshaachana."

"Nani na nani?"

"Wewe na Bwana Maeng Gi-cheol. Talaka imesajiliwa mwezi wa tatu."

Phalla alicheka kidogo. Alikuwa na miaka tisa Korea, lakini maneno ya ofisini bado yalimpiga chenga, akadhani na haya ni hayo hayo. Akaanza upya, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Mimi nataka karatasi ya viza. Viza yangu inaisha. Mume wangu Maeng Gi-cheol. Mtoto wangu Bomi, yuko darasa la kwanza."

"Nimekuelewa, dada. Mtoto amekabidhiwa baba yake. Mahakama imeamua."

"Mahakama gani? Mimi sijawahi kufika mahakamani."

"Walikuita. Hukuonekana."

"Waliniita wapi? Simu yangu haijazimwa hata siku moja!"

Kijana alivua miwani akaifuta. Akaeleza kwamba mtu asipojulikana alipo, mahakama hubandika tangazo, na tangazo likishabandikwa muda wake ukapita, sheria inahesabu kwamba mhusika amepata habari. Aliyasema hayo kwa aibu, kama mwenye nyumba anayemweleza mgeni kwamba chakula kimekwisha.

"Binti," mzee mmoja wa nyuma akasema, "kama umeachwa, umeachwa. Utupishe na sisi."

Watu wawili watatu wakacheka. Phalla akaichukua karatasi ya talaka aliyochapishiwa na karani, akainama kuwashukuru kama alivyofundishwa kuwashukuru watu wa ofisini, akatoka. Akakaa kwenye ngazi, karatasi mapajani, akijaribu kusoma neno moja moja.

*

Ofisi ya msaada wa sheria ilikuwa mjini, juu ya duka la dawa. Wakili aliyempokea aliitwa Tak Eun-ha, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, anayekula huku akifanya kazi. Aliusoma ule waraka, akauweka mkate pembeni.

"Umejua lini habari hii?"

"Jana."

"Afadhali umekuja leo. Nisikilize vizuri. Hukumu hii imeshakuwa ya mwisho. Mlango umefungwa. Umebaki upenyo mmoja tu: kama uliukosa wito bila kosa lako, unaweza kukata rufaa ndani ya wiki mbili tangu siku uliyojua. Wiki mbili zikipita, hata mimi sina la kukusaidia."

"Nitasema nini huko?"

"Bado hujafika pa kusema. Kwanza tuwaombe wakuruhusu kusema. Tuthibitishe kwamba mumeo alijua ulipo, akawaambia hajui. Ulikuwa wapi?"

Phalla alikuwa kwenye vitalu vya stroberi, mkoa wa jirani, kwa mwaka wa pili sasa, akilala kwenye kontena na wanawake wengine wa Kambodia. Aliondoka kwa makubaliano ya nyumba nzima, bei ya kitunguu saumu ilipoanguka na Gi-cheol akakataa kazi ya kuajiriwa kwa sababu mtoto wa Maeng hawezi kutumwa na watu. Mshahara aliupeleka kwenye akaunti ya mama mkwe wake, na Jumapili moja kati ya kila mbili alipanda basi kwenda kumwona Bomi. Gi-cheol mwenyewe ndiye aliyehama. Alikuwa mjini kwa mwanamke mwenye saluni, jambo ambalo kijiji kizima kilijua na hakuna aliyelitaja mbele ya Phalla.

Wakili alipolipata jalada la kesi, walilisoma pamoja. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba mdaiwa alitoroka nyumbani na hajulikani alipo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maelezo ya watu wawili waliothibitisha kwamba ni kweli alitoroka. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Wa pili Phalla hakuhitaji kusomewa. Jina lile alikuwa akiliandika kila mwezi alipotuma pesa.

Ok Pil-nam. Na pembeni yake muhuri mwekundu wa mviringo, ambao huko ndio sahihi ya mtu.

"Unamfahamu?" wakili akauliza.

"Ni mama," Phalla akasema. "Mama mkwe wangu."

*

Ilikuwa wakati wa kung'oa kitunguu saumu. Pil-nam alikuwa amechuchumaa shambani, amekalia kile kigoda cha sponji ambacho wanawake wa huko hujifunga kiunoni, kofia imemfunika uso. Alipomwona Phalla siku isiyo ya Jumapili alijua. Hakusimama.

"Mama Bomi, umekula?"

"Sijala."

"Kuna supu jikoni, pasha moto. Na wali upo."

"Mama, kwa nini uliweka muhuri?"

Pil-nam akang'oa shina moja, akakung'uta udongo, akalilaza. Akang'oa la pili. "Muhuri gani? Mimi naweka mihuri mingi. Ya mbolea, ya maji..."

"Mama."

"Gi-cheol alileta karatasi. Mimi na kusoma kwangu huku, ningejuaje?"

"Unasoma majina ya dawa zako zote. Unamsomea Bomi vitabu."

Upepo ulikuwa umebeba harufu ya kitunguu shamba zima. Pil-nam alivua glavu, akajifuta macho, na haikujulikana kama ni jasho. Aliposema, alisema kwa hasira, kama aliyekosewa yeye.

"Sawa, nilijua! Nilijua ninachofanya! Gi-cheol aliniambia wewe una mpango wa kumchukua mtoto, umpeleke kwenu, na sheria itakuruhusu kwa sababu wewe ndiye mama. Akasema, mama, ukitaka Bomi abaki na wewe, weka muhuri. Nikauweka. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Huyu mtoto amekulia mgongoni kwangu. Akikohoa, mimi ndiye naamka. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nachuma stroberi, mama. Ulijua nachuma stroberi. Uliniwekea achari ya kimchi kwenye ndoo nikaenda nayo."

Pil-nam akaanza kupanga upya mashina aliyokwisha kuyalaza.

"Kwetu Kambodia nirudi kwa nani?" Phalla akaendelea. "Mama yangu amekufa, na wewe ndiye uliyenipa nauli ya kwenda kumzika. Sikuwa na mpango wowote. Ungeniuliza tu. Hakuna aliyeniuliza. Mume hakuuliza, jaji hakuuliza, na wewe ambaye nakuita mama hukuuliza."

"Sasa unataka nini?"

"Uje mahakamani. Useme ulijua nilipo."

"Nikamfunge mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe?"

Phalla alivaa glavu za Pil-nam zilizokuwa zimelala chini, akachuchumaa kwenye mstari wa pili, akaanza kung'oa. Walifanya kazi hivyo hadi Bomi alipotoka shule, mmoja upande huu, mmoja upande ule.

*

Gi-cheol alikuja baada ya rufaa kupelekwa, na nakala kumfikia. Alikuja na gari la yule mwanamke, amevaa fulana mpya, kabeba nyama ya ng'ombe kwenye boksi lenye utepe, zawadi ambayo hakuwahi kumletea mama yake hata kwenye sikukuu. Phalla alikuwa amekwisha kurudi kwenye vitalu. Uhamiaji walikuwa wamempa muda mfupi wa kusubiri kesi, na tajiri wake alikuwa amemwambia akikosa siku nyingine asirudi.

"Mama, nasikia amekuja kukusumbua."

"Amekuja kung'oa kitunguu. Wewe hukuja."

"Usianze." Akakaa kwenye kibaraza cha mbao, akavuta sigara. "Wakili wao atakuandika shahidi. Ukiitwa, sema umesahau. Mzee wa miaka yako akisahau nani atamlaumu? Ukienda kusema vingine, si mimi tu. Uliweka muhuri kwenye uongo, na uongo wa mahakamani una jela yake. Mwenyekiti naye utamtia ndani. Halafu utaishi na nani hapa kijijini?"

"Wewe ulinidanganya atamchukua mtoto."

"Na bado atamchukua. Akishinda unafikiri atamwacha hapa anuke kitunguu kama wewe?"

Bomi alikuwa uani akimlisha mbwa. Gi-cheol akamwita, akamwambia achukue begi la shule na nguo, wanakwenda mjini. Mtoto akamtazama bibi yake.

"Mbona unamchukua?" Pil-nam alisimama kwa haraka mpaka goti likalia. "Gi-cheol! Tuliahidiana nini?"

"Ni wangu kisheria. Wewe mwenyewe ulisaidia." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuuma mama yake zaidi. "Kesi ikiisha vizuri namrudisha siku hiyo hiyo. Ukifungua mdomo, hutamwona tena. Umenielewa, mama?"

Bomi alilia hadi gari lilipokata kona ya ghala la kijiji. Pil-nam alibaki amesimama uani na boksi la nyama. Jirani yake, mke wa mwenyekiti, alikuwa akichungulia juu ya ukuta.

"Mama Gi-cheol, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mjukuu ameenda kutembea."

"Vizuri. Mtoto akae na baba yake. Hawa wageni mwisho wao ni kukimbia tu."

Wiki zile Pil-nam hakupika. Alikula wali baridi kwa maji, amesimama. Nyama iliharibika ndani ya boksi lake lenye utepe, akaizika nyuma ya choo. Alimpigia Gi-cheol simu kuomba azungumze na mtoto. Mara nyingine ilipokelewa na yule mwanamke wa saluni, mara nyingine haikupokelewa kabisa. Alipofanikiwa kumpata Bomi, mtoto alimwambia kwa kunong'ona kwamba huko analala sebuleni na kwamba hakuna anayemsugua mgongo. Kisha simu ikachukuliwa.

Phalla hakumpigia kumbembeleza. Alituma pesa kwenye akaunti ile ile, tarehe ile ile, kama kawaida. Pil-nam aliziona benki. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya dirisha la mhudumu, kitabu mkononi, mpaka mlinzi akamuuliza kama anajisikia vibaya.

*

Siku ya kusikilizwa rufaa, ukumbi ulikuwa mdogo kuliko Phalla alivyodhani, na baridi. Majaji watatu juu, makarani chini, mkalimani wa Kikambodia pembeni yake. Gi-cheol alikuwa amevaa suti. Wakili wake alikuwa kijana mwenye sauti nzuri. Alisema mteja wake alimtafuta mkewe kila mahali bila mafanikio, na kwamba mwanamke huyu amejitokeza leo kwa sababu tu viza imemwishia.

Phalla aliposikia hayo kupitia mkalimani, alisimama. "Hapana! Anajua namba yangu! Aliniomba hela ya matairi!"

"Mdaiwa, keti," jaji wa katikati akasema. "Muda wako wa kusema bado haujafika."

Wakili Tak akamvuta mkono. Gi-cheol akatabasamu akitazama viatu vyake. Simu aliyomwombea hela ilikuwa ya mdomo tu, haikuacha maandishi yoyote. Risiti za benki zilionyesha Phalla alimtumia pesa mama mkwe, si mume, na wakili kijana alikuwa amekwisha kusema kwamba pesa zinaweza kutumwa kutoka popote duniani bila mtu kujua zimetumwa kutoka wapi.

Akabaki shahidi mmoja.

Pil-nam aliingia amevaa nguo zake za msibani, kwa kuwa hakuwa na nyingine nzuri. Alipita karibu na mwanawe bila kumtazama. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa viti vya nyuma, amekunja mikono.

Jaji wa katikati, mwanamke mwenye mvi chache, aliinama mbele. "Bibi, kabla hujaapa. Maswali utakayoulizwa yanaweza kumtia mwanao hatiani, na hata wewe mwenyewe. Sheria inakuruhusu kukataa kujibu. Hakuna atakayekulazimisha. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Unataka kujibu au unakataa?"

Pil-nam alishika ukingo wa kizimba. Mikono yake ilikuwa na nyufa nyeusi za udongo ambao hautoki kwa sabuni. "Nikikataa," akauliza, "huyu atasikilizwa?"

"Hilo siwezi kukuambia."

Gi-cheol aliinua uso, akatamka bila sauti: mama. Alipokuwa mdogo, akiogopa giza, alikuwa akimwita hivyo hivyo, midomo tu, asije akamwamsha baba yake. Pil-nam aliona. Alifumba macho.

"Nitajibu."

Aliapa. Wakili Tak hakuwa na maswali mengi. Pil-nam alisema alijua Phalla alipo, tangu siku ya kwanza. Ndiye aliyemfungia nguo. Alisema mwanawe alijua, maana alimpigia Phalla simu akiwa amekaa mezani kwake, akaomba hela ya matairi. Alisema kila baada ya wiki mbili mdaiwa asiyejulikana alipo alikuwa jikoni kwake anakata figili.

"Kwa nini basi uliweka muhuri?"

"Niliogopa kubaki peke yangu," akasema. "Nilikuwa na akili zangu timamu. Mwandike hivyo. Sikudanganywa na mtu, nilimzulia uongo mwenzangu."

Gi-cheol alisimama, kiti kikaanguka. "Mama, umeniua! Sikia, Bomi humwoni tena, umesikia? Humwoni!"

"Mdai, keti!"

"Nimesikia," Pil-nam akasema, akiwa bado ameshika kizimba, wala haikujulikana anamjibu nani.

*

Rufaa ilikubaliwa. Kesi ikaanza upya, kana kwamba ile ya kwanza haikuwahi kuwepo. Polisi walimwita Gi-cheol na mwenyekiti. Pil-nam naye alihojiwa kutwa nzima, akapigwa faini. Kijijini hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kumpa zamu ya mashine ya kupandia, na vuli ile akapanda kitunguu kwa mkono, mstari baada ya mstari, peke yake.

Kikao cha mwisho kilikuwa wakati wa theluji. Talaka haikuwa na ubishi tena. Wote wawili waliitaka. Shauri lilikuwa mtoto. Afisa wa mahakama alikuwa amekwenda mara mbili kule ghorofani kwa mwanamke wa saluni, akamkuta Bomi peke yake na televisheni. Phalla alikuwa amepata kazi ya kiwanda cha tofu, ile jibini ya maharage ya soya, na chumba kimoja chenye joto karibu na shule. Ilikuwa dhahiri mtoto anakokwenda, hata Gi-cheol alionekana amechoka kubisha.

Ndipo Pil-nam aliposimama kwenye viti vya wasikilizaji.

"Mheshimiwa, naomba niseme kidogo."

"Bibi, wewe si mdaawa katika shauri hili," jaji akasema. "Ushahidi wako tulishaupokea."

"Si ushahidi. Ni kuhusu mtoto. Nina neno moja tu."

"Huna nafasi ya kusema hapa. Tafadhali keti, au nitalazimika kukutoa nje."

Mhudumu wa mahakama alianza kumwendea. Pil-nam alikaa. Aliufungua mkoba wake, akaufunga, akaufungua tena, kama anayetafuta kitu ambacho hakukileta.

Jaji akageuza ukurasa. "Mdaiwa, kabla hatujafunga, una la kusema?"

Phalla alisimama. Tangu ile siku ya ofisi ya tarafa alikuwa amejipangia maneno, akiyarudia kwenye basi na mbele ya mapipa ya maharage: jinsi alivyochekwa kwenye foleni, jinsi alivyoitwa mtoro. Mkalimani alijiandaa. Phalla akamwonyesha kwa mkono kwamba hamhitaji.

"Huyu mama wa nyuma amekatazwa kusema," akasema kwa Kikorea chake. "Basi nitamsemea. Yeye alinizulia uongo, na mimi sijamsamehe. Sijui kama nitamsamehe. Lakini mtoto wangu akikohoa usiku anamwita yeye, hata mimi nikiwa pale pale. Naomba mtoto aende kwake shule zikifungwa. Na siku za kung'oa kitunguu, kwa sababu anapenda. Anataka kusema hivyo. Nafikiri anataka kusema hivyo."

Aligeuka. "Mama, ni hivyo?"

Pil-nam alikuwa amekatazwa kusema. Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, akiwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Jaji alimtazama karani. "Umeandika?"

"Naandika, Mheshimiwa."

"Andika yote," jaji akasema. Kisha akamgeukia Gi-cheol. "Mdai, na wewe unayo haki ya kusikilizwa. Una pingamizi?"

Wakili wa Gi-cheol alimnong'oneza jambo, akamsukuma kwa kiwiko.

"Kitunguu cha mapema hung'olewa mwezi wa tano," akasema mwishowe, bila kuinua uso. "Shule zinakuwa hazijafungwa. Labda waandike Jumamosi."